Baa ya Inchi Ngapi? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Baa ya Pawasoo

Malalamiko ni yaleyale, yatoke Elburgon au Bungoma. Mashine mpya inazima katikati ya gogo. Cheni inalegea kila mara. Baa, ule ubapa wa chuma unaobeba cheni, imebadilika rangi ikawa ya samawati karibu na pua, na fundi ameshafungua kabureta mara mbili bila kuona ugonjwa. Ukiuliza baa ni ya urefu gani, unaambiwa inchi 22, tena kwenye mashine ndogo iliyonunuliwa kwa ajili ya kuni. Ugonjwa ndio huo.

Baa ndefu inapendeza ikining'inia dukani, na muuzaji anajua hivyo. Shida ni kwamba injini ni ileile. Kila inchi unayoongeza inaleta meno zaidi ndani ya mti, msuguano zaidi kwenye mfereji wa baa unamopita cheni na kiu zaidi ya oili. Msimamo wangu ni huu: nunua baa fupi kabisa inayoweza kumaliza kazi yako ya kila siku. Ule mti mnene unaokutana nao mara moja kwa mwaka una njia yake, na nitaieleza mwishoni.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Futi ya fundi cherehani, au kamba na futi ya kawaida.
- Rula yenye milimita. Ukipata vania (kifaa cha kupimia unene) kwa fundi wa karibu, bora zaidi.
- Kalamu ya maka au kipande cha chaki.
- Baa na cheni ya zamani, hata kama zimekwisha kabisa. Usizitupe wala kuziuza kwa wa chuma chakavu kabla hujamaliza mwongozo huu.
- Jina kamili la modeli ya mashine, pamoja na kitabu chake kama bado unacho.
- Spana ya pawasoo, brashi ngumu na kitambaa.
- Oili ya cheni na kipande cha kadibodi safi.
- Glavu nene, miwani, helmeti, vizibo vya masikio na buti zenye ncha ya chuma. Gamubuti za kuvaa wakati wa mvua haziwezi kuzuia cheni.

## Hatua ya 1: Pima miti unayoikata kweli

Nenda shambani au mahali unapopata kazi, upime mashina kama kumi. Zungusha futi pale utakapokatia. Watu wa misitu hupima mita 1.3 kutoka ardhini, lakini wewe unakata karibu na ardhi ambako shina limetanuka, kwa hiyo pima hapo.

Mzingo ukiupata, gawanya kwa 3.14. Jibu ni kipenyo. Kama ulipima kwa sentimita, gawanya tena kwa 2.54 upate inchi.

Tuchukue mifano. Grivelia ya mpakani yenye mzingo wa sentimita 80 ina kipenyo cha kama sentimita 25, yaani inchi 10. Blugamu ya mzingo wa sentimita 110 ni sentimita 35, karibu inchi 14. Saiprasi mzee wa mzingo wa sentimita 190 anafika sentimita 60, inchi 24.

Sasa panga vipimo vyako kutoka kidogo hadi kikubwa. Usishike kile kikubwa kuliko vyote. Tafuta kipimo ambacho miti minane kati ya kumi haikizidi, kisha ongeza inchi 2. Mtu ambaye miti yake mingi inaishia inchi 14 anahitaji baa ya inchi 16.

Zile inchi 2 zina kazi. Zinaitokeza pua ya baa upande wa pili ili uione, na chenga zinapata pa kutokea badala ya kusongamana ndani ya mkato.

Tahadhari: pua inapotokea, jua inatokea wapi. Grivelia na miti mingine ya mpakani mara nyingi imegeuzwa nguzo za seng'enge, na misumari ya zamani imemezwa na gome. Papasa shina pande zote na uangalie madoa meusi kwenye gome au mbao kabla ya kuwasha mashine.

Jambo jingine kuhusu vipimo. Inchi zinazotajwa dukani ni urefu wa kukata, kuanzia pale baa inapotokea kwenye mwili wa mashine hadi puani. Ukiivua baa na kuipima yote pamoja na mkia, utapata namba kubwa kuliko iliyoandikwa. Ukiipima ikiwa imefungwa unaweza kupata inchi 17 na nusu, na bado ikaitwa baa ya 18.

Umefaulu hapa kama una namba moja kwenye karatasi, kwa mfano "inchi 16", iliyotoka kwenye miti yako mwenyewe.

## Hatua ya 2: Iulize injini kama inaweza

Namba uliyopata ni ombi tu. Mwenye kukubali au kukataa ni injini. Kwa kukata magogo vipande, kwenye mbao laini kama saiprasi na paini, mimi hufuata mpango huu (cc ni ujazo wa silinda ya injini):

- Injini ya 30 hadi 38 cc: inchi 12 hadi 14. Mwisho 16.
- 40 hadi 50 cc: inchi 14 hadi 16. Mwisho 18.
- 50 hadi 60 cc: inchi 16 hadi 18. Mwisho 20.
- 60 hadi 75 cc: inchi 18 hadi 20. Mwisho 24 au 25.
- 90 cc kwenda juu: inchi 24 hadi 30. Mwisho 36.

Kwa modeli zinazoonekana huku kwetu: Stihl MS 180 ina 31.8 cc, MS 250 ina 45.4 cc, MS 382 ina 72.2 cc, na lile zee la kupasulia mbao, MS 070, lina kama 106 cc. Husqvarna 372 XP ina 70.7 cc. Tafuta yako kwenye kitabu, usikisie kwa ukubwa wa mwili.

Neno "mwisho" kwenye orodha lina maana yake. Mashine itazungusha cheni ya urefu huo, lakini usiizamishe baa yote kwenye mti mgumu ukategemea ipite. Blugamu iliyokauka, mgunga na mzaituni wa porini vinaisumbua injini kuliko saiprasi mbichi. Kama kazi yako kubwa ni hiyo, shuka daraja moja, yaani inchi 2 pungufu.

Tahadhari kuhusu stika: mashine za bei nafuu zisizo na jina zinaandikwa 58 cc, 62 cc na hata zaidi, huku silinda na pistoni zikiwa za ukubwa uleule wa mashine ndogo. Kama huwezi kupata kipimo halisi, ichukulie kuwa ya 50 cc na uifungie baa ya inchi 16 au 18. Hutajuta.

## Hatua ya 3: Kata hesabu ya mwinuko

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoeleza kwa nini mashine iliyokuwa moto kwa shemeji Kisumu inalia ikifika Molo.

Nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu si nguvu utakayoipata milimani. Hewa inapungua unapopanda, na injini isiyo na msaada wa kusukumiwa hewa hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Piga hesabu:

Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, kwa hiyo umepoteza karibu asilimia 11. Nakuru mjini ni kama mita 1,850, umepoteza karibu asilimia 18. Ukipanda Molo, karibu mita 2,500, robo ya nguvu imekwenda.

Maana yake ni kwamba mashine ya 52 cc ukiwa Molo inakata kama mashine ya 39 cc iliyoko Mombasa. Rudi kwenye orodha ya Hatua ya 2 uone 39 cc inabeba baa gani. Ndiyo, inchi 14 au 16. Na wewe ulikuwa umeshalipia 22.

Kanuni ninayoitumia ni rahisi. Ukiwa Kisumu, Siaya, Busia au Mumias, fuata orodha ilivyo. Nakuru, Kitale, Kericho na Eldoret, kaa kwenye namba ndogo ya daraja lako. Molo, Elburgon na kule juu Mau, chukua namba ya daraja lililo chini yake.

Tahadhari ya kabureta: hewa nyepesi ikikutana na petroli ileile, mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi mno. Mashine inatoa moshi na kuzubaa. Fundi wa Molo ataipunguzia mafuta kwa kugeuza skrubu, na itatulia. Hatari inakuja mashine hiyohiyo ikishuka Kisumu kwa kazi ya wiki moja. Huku chini hewa ni nzito, mafuta yaliyopunguzwa hayatoshi, na kwa kuwa oili ya pistoni inaingia pamoja na petroli, pistoni inakosa ulainisho. Inakwaruza silinda hadi inashika. Ukihama mwinuko, rekebisha kabureta kabla ya kukata. Mashine zenye kabureta inayojirekebisha, kama zile za Stihl zenye M-Tronic au Husqvarna zenye AutoTune, hazina shida hii, ila nguvu zinapoteza kama nyingine.

## Hatua ya 4: Je, unakata au unapasua?

Kukata gogo vipande na kupasua mbao ni kazi mbili tofauti, na baa inayofaa moja inaweza kuua mashine kwenye nyingine.

Ukikata gogo vipande, baa inazama kwa muda mfupi, unatoa, injini inapumua. Ukipasua, cheni inasafiri kwa urefu wa gogo futi 8, 10, 12, triga imebanwa muda wote, na meno yanakutana na ncha za nyuzi za mti badala ya ubavu wake. Hakuna pumziko. Joto linapanda kwenye injini, kwenye klachi na kwenye baa kwa pamoja.

Kwa hiyo, kwa kupasua:

Usianze na mashine iliyo chini ya 70 cc. Najua kuna vijana wanaopasua na mashine za 52 cc huko Kakamega na Vihiga, na mbao zinatoka. Waulize wamebadilisha pistoni mara ngapi.

Baa ya inchi 24 au 25 inatosha kwa magogo mengi ya shambani kwenye mashine ya 70 cc, mradi gogo lenyewe lisizidi inchi 16 hadi 18. Wanaopasua kwa mkono bila fremu wanapenda baa iwe ndefu kidogo kuliko gogo kwa sababu inawasaidia kufuata mstari wa uzi. Hilo nakubaliana nalo. Ukitumia fremu ya kupasulia, kumbuka inakula inchi kadhaa za baa kwa vishikio vyake, kwa hiyo pima nafasi iliyobaki kati ya vishikio.

Cheni nayo ibadilike. Cheni ya kawaida imenolewa kwa pembe ya digrii 25 hadi 35. Ya kupasua hunolewa karibu digrii 10. Inatembea taratibu kidogo lakini uso wa ubao unatoka laini.

Kazi ya kupogoa matawi haihitaji maelezo mengi: inchi 12 au 14, basi. Baa ndefu juu ya matawi inagusa usichokiona.

## Hatua ya 5: Soma baa na cheni ya zamani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anafika duka la spea na mazungumzo yanakwenda hivi:

"Habari, boss. Nipe cheni ya inchi 20."

"Ya mashine gani, mzee?"

"Ya inchi 20 tu."

Anapewa, anarudi Njoro, haingii. Inchi pekee hazitoshi, kwa sababu kuna cheni kadhaa zisizofanana zote zikiitwa za inchi 20. Mashine nyingi kubwa zenye pichi ya 3/8 zinatumia cheni ya ndimi 72 (pichi na ndimi nazieleza hapa chini). Zile mashine za Kichina za 52 na 58 cc zenye pichi ya .325 zinatumia ndimi 76. Nyingine zenye pichi hiyohiyo ya .325 zinataka 80 au 81. Unahitaji kujua mambo manne.

Pichi. Huu ni umbali kati ya ribiti za cheni. Pima kutoka katikati ya ribiti ya kwanza hadi katikati ya ribiti ya tatu, kisha gawanya kwa 2. Ukipata karibu milimita 8.25, ni .325. Ukipata 9.5, ni 3/8. Ikiwa 10.3, ni .404, ile ya mashine kubwa kama 070. Angalia pia kuna 3/8 ndogo, ya mashine ndogo kama MS 180. Inaitwa 3/8 kama dada yake mkubwa, ila mwili wake ni mfupi na mwembamba na haikai kwenye sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni) ya 3/8 kubwa.

Geji. Huu ni unene wa ulimi, yaani kile kipande chenye ncha kinachoshuka ndani ya mfereji wa baa. Vipimo vya kawaida ni milimita 1.1, 1.3, 1.5 na 1.6, au kwa inchi .043, .050, .058 na .063. Tumia vania. Cheni ya 1.6 haitaingia kwenye mfereji wa 1.5. Kinyume chake inaingia, na hilo ni baya zaidi: cheni inayumba upande kwa upande, mkato unapinda, mfereji unakwisha.

Idadi ya ndimi. Tia alama ulimi mmoja kwa maka, uhesabu hadi uurudie. Hesabu mara mbili. Kosa la ulimi mmoja ni cheni isiyokaza au isiyofika.

Mkia wa baa. Weka baa ya zamani juu ya meza utazame upande unaoingia kwenye mashine. Kuna ufa mrefu wa kupitisha boliti, tundu dogo la oili, na tundu la kile kipini cha kukaza cheni. Vyote vitatu lazima vilingane na mashine yako. Baa za mashine ndogo na kubwa za kampuni moja zina mikia tofauti, na kampuni mbili zikitofautiana ndiyo kabisa.

Mara nyingi taarifa hizi zimechapwa kwenye mkia wenyewe. Sugua uchafu kwa brashi na petroli kidogo, ugeuze kwenye mwanga, utaona namba.

Tahadhari: usikubali kutobolewa tundu jipya kwenye baa ili "ikubali" mashine. Tundu la oili lisipokutana na njia ya oili ya mashine, oili yote inavuja chini na cheni inazunguka kavu. Baa ya namna hiyo itaungua kabla ya Jumamosi.

Umefaulu kama una karatasi yenye mstari mmoja wa namna hii: "inchi 16, pichi .325, geji 1.5, ndimi 66, mashine fulani." Ndimi za baa mpya hutegemea baa yenyewe, kwa hiyo ukibadilisha urefu, chukua idadi iliyochapwa kwenye baa mpya, si ile ya cheni ya zamani.

## Hatua ya 6: Dukani

Nenda na karatasi, nenda na baa ya zamani. Zilaze baa mbili mkia kwa mkia, tundu kwa tundu. Angalia mwangani kama baa mpya imenyooka. Zungusha gurudumu la puani kwa kidole. Lizunguke bila kukwama. Chukua cheni, idondoshe ndani ya mfereji palepale kaunta, uisukume upande kwa upande. Ikicheza sana, geji si yake.

Kama unabadilisha pichi pia, lazima sproketi ya kwenye klachi ibadilike pamoja na baa na cheni. Vyote vitatu ni familia moja.

Nunua cheni mbili kwa baa moja kama mfuko unaruhusu, na tupa ya saizi yake: milimita 4.0 kwa 3/8 ndogo, 4.8 kwa .325, 5.2 kwa 3/8 kubwa na 5.5 kwa .404.

## Hatua ya 7: Funga baa mpya

Zima mashine, vua waya wa plagi. Iachilie breki ya cheni kabla ya kufungua kifuniko.

Safisha pale mkia unapokaa, hasa njia ya oili. Unga wa mbao uliochanganyika na oili hugeuka kama ugali uliokauka, na unaziba kabisa. Laza cheni mpya kwenye oili kabla ya kuifunga, hata kwa saa chache tu, ili ribiti zinywe.

Vaa glavu, pandisha cheni kwenye sproketi, kisha kwenye baa. Meno ya juu yaelekee puani. Kaza nati kwa mkono tu. Inua pua ya baa juu, kaza skrubu ya cheni hadi cheni iguse tumbo la baa, halafu, pua ikiwa bado imeinuliwa, kaza nati kwa spana. Ukiiacha pua ilale wakati wa kukaza, cheni italegea dakika ya kwanza ya kazi.

Umefaulu kama cheni imegusa baa chini, na bado unaweza kuivuta kwa mkono bila nguvu nyingi. Cheni mpya hurefuka, kwa hiyo isimamishe mashine baada ya mikato michache ya kwanza uikaze tena ikipoa.

## Hatua ya 8: Hakikisha oili inafika puani

Pampu ya oili ya mashine ndogo imepangiwa baa fupi, na nyingi hazina skrubu ya kuongeza. Hii ni sababu nyingine ya baa ya inchi 22 kuungua: oili inaishia katikati ya safari.

Washa mashine, achilia breki, elekeza pua juu ya kadibodi bila kugusa, bana triga kidogo kwa sekunde kadhaa. Mstari wa matone ya oili uonekane kwenye kadibodi. Usipoonekana, zima, safisha njia, rudia. Bado hakuna? Kama pampu ina skrubu, ongeza. Kama haina, baa hiyo ni ndefu mno kwa mashine hiyo.

Usitie oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari. Ina vumbi la chuma linalosaga mfereji na kuharibu pampu. Oili ya cheni ndiyo yake, kwa sababu inanata. Ukiikosa kabisa, oili safi ya injini ya SAE 30 ni afadhali. Asubuhi za baridi kule Molo oili nzito inagoma kutoka, kwa hiyo ipe mashine muda wa kupata joto.

Kipimo cha siku nzima: tangi la petroli likiisha, la oili liwe linakaribia kuisha pia. Likibaki limejaa, cheni haikunywa.

## Hatua ya 9: Mtihani kwenye gogo

Tafuta gogo lenye unene unaokaribia urefu wa baa, la mti wa aina unayoikata mara nyingi. Lilaze imara. Kata ukiwa umebana triga hadi mwisho, ukiiachia mashine ijivute yenyewe bila kuikandamiza.

Sikiliza. Sauti itashuka kidogo baa ikizama, kisha itulie pale. Ikizidi kushuka hadi cheni inakaribia kusimama, na meno yamenolewa vizuri, baa ni ndefu mno. Rudi inchi 2.

Tazama kinachotoka. Chenga nene zenye umbo ni dalili nzuri. Unga laini kama wa sima unasema meno ni butu, na hapo usiilaumu baa bado. Noa kwanza, rudia mtihani.

Baada ya mikato mitatu minne, zima mashine uangalie kingo za baa. Rangi ya samawati au kahawia ni joto lililopita kiasi.

Tahadhari ya teke: robo ya juu ya pua ikigusa kitu, mashine inarushwa nyuma kuelekea uso wako kabla hujawaza. Baa ndefu inaipeleka pua mbali na macho, ndani ya majani au nyuma ya gogo jingine. Jaribu breki ya cheni kila asubuhi, shika mashine kwa mikono miwili huku kidole gumba cha mkono wa kushoto kikizunguka mpini, na usikate juu ya mabega.

Jioni, legeza cheni kidogo kabla ya kuhifadhi. Cheni iliyokazwa ikiwa moto hufupika ikipoa na kuvuta shafti ya injini. Ukinoa, geuza baa juu chini ili kingo ziliwe sawasawa.

## Mti ukizidi baa

Gogo lililo chini halina shida. Kata kutoka upande mmoja, zunguka, malizia upande wa pili ukifuata mkato wa kwanza. Baa ya inchi 16 inaweza kumaliza gogo la inchi 28 namna hiyo, mradi uangalie gogo linalalia wapi ili lisiibane baa.

Mti uliosimama ni habari nyingine. Mdomo wa mbele, yaani pengo la upande mti utakakoangukia, ukatwe kwa kina cha kati ya moja ya tano na robo ya kipenyo. Mkato wa nyuma unaanzia upande mmoja na kuzunguka hadi wa pili, ukiacha bawaba ya mti usiokatwa yenye unene wa kama moja ya kumi ya kipenyo. Kabari za mbao au plastiki ziingie mapema, zisiwe za chuma. Kwa shina la inchi 24 bawaba ni kama inchi 2 na nusu. Ukiikata bawaba, mti unaanguka unakotaka wenyewe. Kama hujawahi kufundishwa kuzunguka shina hivi, usijifunzie kwenye saiprasi iliyo karibu na nyumba au waya za stima. Na kama mbao ni za kuuza, pitia ofisi ya KFS (Huduma ya Misitu Kenya) upate kibali cha kuzisafirisha kabla mti haujaanguka.

Kipenyo kikikaribia mara mbili ya baa yako, tafuta mwenye mashine kubwa umlipe kwa siku hiyo. Kabla hamjapatana bei, mwombe akuonyeshe cheni yake. Wengi wa wenye mashine za 90 cc na zaidi ni wapasuaji, na cheni iliyonolewa kwa kupasua itamchelewesha kwenye kukata vipande, wakati wewe unalipa kwa saa.